Bunduki ya Kutoboa Karatasi

Mwaka 1964 kampuni ya Sturm, Ruger ya Connecticut, Marekani, iliingiza sokoni bunduki nyepesi iitwayo 10/22. Namba ya kwanza ni idadi ya risasi zinazoingia kwenye magazini yake. Ya pili ni kipenyo cha risasi hizo, sehemu 22 za mia za inchi, yaani nyembamba kuliko penseli. Tangu hapo zimeuzwa kwa mamilioni, na pamoja nazo imezuka desturi ambayo ukiitazama kwa mbali ni kichekesho. Mtu anainunua, anaipeleka nyumbani, kisha anaanza kuifungua. Kitako cha kiwandani kinatoka, kinaingia cha mbao za tabaka zilizogundishwa. Mtutu mwembamba unaupisha mnene. Triga inabadilishwa kwa iliyo laini zaidi, na juu yake inakaa darubini ambayo pengine imegharimu kuliko bunduki yenyewe. Mwishowe kilichobaki cha dukani ni kile kisanduku cha katikati kinachoshikilia vingine vyote. Hata hicho siku hizi kinatengenezwa na makampuni mengine, hivyo mtu akitaka anaweza kuunda 10/22 isiyo na skrubu hata moja ya Ruger.

Sheria ya Marekani haisumbuliwi na fumbo hili. Kwa macho yake bunduki ni kile kisanduku chenye namba iliyochongwa. Vilivyobaki ni vipuri. Sisi tusio mahakama tuna haki ya kuuliza zaidi. Mtu huyu alichagua nini pale dukani, ikiwa karibu kila alichokichagua alikusudia kukitoa? Na anatafuta nini anayeihangaikia namna hii silaha ambayo haendi nayo vitani wala mawindoni, bali uwanjani siku ya mapumziko, kutoboa karatasi na kuangusha makopo matupu?

Najua msomaji wa Tanga au Kisumu akisikia bunduki na burudani zikitajwa kwa pumzi moja hukunja uso. Kwetu bunduki ina sura zake. Liko gobore la mzee anayelinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Iko silaha iliyoning'inia begani kwa mlinzi wa benki. Uko mtutu wa jangili na mtutu wa askari wa wanyamapori, vikitafutana porini. Nyuma zaidi ziko bunduki za Wajerumani, zile ambazo wapiganaji wa Maji Maji mwaka 1905 waliahidiwa kwamba risasi zake zingegeuka maji, na hazikugeuka. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoundwa ili mtu afurahie Jumamosi yake. Kukunja uso huko kuna hekima ndani yake, na nitakurudia kabla hatujaachana. Kwa sasa nakuomba tulitazame jambo lenyewe kwa utulivu, maana mtu anayetumia muda, fedha na akili kuchagua chombo kisicho na kazi anatuambia kitu kuhusu binadamu ambacho mwenye chombo cha kazi hatuambii. Jembe halihitaji kuelezwa. Bunduki ya kutoboa karatasi inahitaji.

Tuanze na burudani yenyewe, kwa kuwa tunaichanganya na mapumziko. Mapumziko ni kuacha: umeketi, umenyoosha miguu, hudaiwi kitu. Burudani ni kushika jambo jingine ambalo hakuna aliyekutuma, na mara nyingi jambo hilo lina jasho kuliko kazi uliyoiacha. Mwanafalsafa Bernard Suits, aliyefundisha Kanada, alitoa mwaka 1978 fasili ya mchezo ambayo bado sijaona inayoishinda: kucheza ni kujitwisha kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Ipime fasili hiyo kwenye ulengaji shabaha. Kama haja ni tundu katikati ya karatasi, penseli inatosha. Unatembea mita hamsini, unatoboa, unarudi. Tundu limekaa katikati kabisa na hakuna baruti iliyoungua. Hakuna mlenga shabaha anayefanya hivyo, kwa sababu tundu halikuwa haja yake. Haja yake ni tundu lililopatikana kutoka mbali, kwa pumzi iliyoshikwa, kupitia njia ngumu aliyoichagua mwenyewe.

Basi hapo ndipo fumbo linapokaza. Ikiwa mchezo ni taabu ya hiari, mbona mchezaji anatoa fedha kuipunguza? Mtutu bora unapunguza taabu. Triga laini inapunguza. Darubini ndiyo usiseme. Huyu anayetaka ugumu ananunua wepesi, na inaelekea kati ya matamanio yake mawili moja linamdanganya.

Jibu la haraka ni kwamba anayemdanganya ni mfanyabiashara. Lina ukweli wake. Vipuri vya bunduki hii ni soko zima, na soko huishi kwa kumwambia mtu kwamba alichonacho bado. Jibu la pili ni fahari: mtu anataka chombo ambacho mwenzake uwanjani atakigeukia. Hilo nalo lina ukweli, na halihitaji maneno mengi, kwani fahari ni ile ile iwe kwenye bunduki, simu au jiko. Majibu haya mawili yanaeleza kwa nini watu hununua kupita kiasi. Hayaelezi kwa nini mtu mwenye akili timamu, asiye na wa kumwonyesha, hukaa peke yake kwenye uwanja mtupu akitafuta sababu ya risasi moja kwenda kushoto.

Ili tumwelewe huyo, inatubidi tutenganishe mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayaita kwa jina moja. Mlenga shabaha akipiga risasi tano, zote zikatua mbali na katikati ila zikajikusanya mahali pamoja, kishada cha matundu kinachoweza kufunikwa na sarafu, hasikitiki. Anatabasamu. Mwenzake aliyepiga moja katikati na nne zikatawanyika kila upande ndiye anayerudi nyumbani na mawazo. Yule wa kwanza ana uthabiti, yaani uwezo wa kurudia jambo lile lile kwa namna ile ile. Anachokosa ni usahihi, yaani kufika palipokusudiwa, na usahihi kwake ni suala la kuzungusha skrubu ya darubini kidogo. Yule wa pili hana skrubu ya kuzungusha. Kosa linalojirudia lina anwani, unaweza kulifuata hadi kwake ukalishughulikia. Kosa linalobadilika kila mara halina pa kushikwa.

Nadhani hapa tunaanza kuona kinachonunuliwa. Kwa bunduki ilivyotoka dukani, risasi ikienda kushoto washukiwa ni wengi: mtutu, triga nzito inayovuta mkono, kitako kisichokaa shavuni, risasi yenyewe, upepo, na mpigaji. Kila kipuri kizuri kinamwondoa mshukiwa mmoja kwenye orodha. Mtutu umetoka, triga imetoka, kitako kimetoka. Mwisho wake anabaki mmoja tu, naye ndiye aliyelipia vipuri vyote. Kwa hiyo taabu haikupunguzwa. Ilihamishwa kutoka kwenye chuma ikaletwa kwenye nyama, kwenye pumzi na mapigo ya moyo na papara za kidole. Anayeichagua bunduki yake vizuri amejichagulia shahidi asiyeweza kuhongwa, na ushahidi ni dhidi yake mwenyewe. Ukiutazama hivyo, ununuzi huu una ushujaa wa aina yake.

Tusiharakishe kumpongeza, hata hivyo. Njia hiyo hiyo inayoelekea kwa mshukiwa wa mwisho inaweza kutumika kumkwepa. Yuko mtu ambaye kila matundu yakitawanyika anarudi dukani. Mtutu mpya haukutosha, basi tatizo ni bolti. Bolti haikutosha, basi ni miguu ya kuegemezea. Orodha ya washukiwa haimwishii kwa sababu yeye mwenyewe anairefusha, na maadamu kuna kipuri ambacho hajakinunua, yeye hana kosa. Watu hawa wawili ukiwaona mezani wana bunduki zilezile, za bei ileile. Kinachowatofautisha hakionekani kwenye risiti.

Mwaka 1907, San Antonio, Texas, Ad Topperwein, mlenga shabaha wa maonyesho aliyekuwa kwenye ajira ya kampuni ya bunduki ya Winchester, alilenga vipande vya mbao 72,500 vilivyorushwa hewani kimoja baada ya kingine kwa siku 10. Alikosa 9. Bunduki alizotumia zilikuwa za .22 za kawaida za kampuni hiyo, ambazo mtu yeyote angeweza kuzinunua. Watu husimulia kisa hiki kwa sababu ya vile vipande vilivyopatikana. Mimi ningependa kujua habari za vile 9: alipovikosa alimtazama nani, bunduki au mkono wake?

Risasi zenyewe zina somo ambalo mitutu haina. Chanzo chake ni Mfaransa Louis-Nicolas Flobert, aliyeunda mwaka 1845 risasi ndogo ya kuchezea ndani ya nyumba, na umbo linalotumika zaidi leo, .22 Long Rifle, lilianza mwaka 1887. Fataki ya risasi hii imejificha ndani ya ukingo wa ganda, na bunduki hulipua kwa kuuponda ukingo huo. Maana yake ni kwamba ganda likishatumika limekwisha. Wenye bunduki kubwa huokota maganda yao, wakayajaza baruti nyumbani, wakapima punje kwa punje mpaka wapate kitu kinachowaridhisha. Mwenye .22 hana mlango huo. Anapokea kilichotoka kiwandani kama kilivyo. Hawezi kutengeneza, anaweza kuchagua tu.

Na uchaguzi wenyewe ni wa ajabu. Makampuni kama Eley ya Birmingham na Lapua ya Finland yana vyumba virefu vya majaribio ambako mshindani hupeleka bunduki yake. Inafungwa imara pasipo mkono wa mtu, kisha inapigwa kwa risasi za toleo hili, halafu za toleo lile, zote za jina moja, kutoka kiwanda kimoja, kwa macho hazina tofauti. Toleo moja linatawanyika. Jingine linakusanyika kama lilizaliwa kwa ajili ya mtutu huo. Bunduki ya jirani yake, iliyotengenezwa kwa mtindo uleule, inaweza kulikataa toleo hilo na kupenda lile la kwanza. Hakuna anayeweza kutabiri; inabidi kujaribu. Likipatikana, mtu ananunua maelfu ya toleo hilo na kuyaweka.

Nakaa kwenye jambo hili kwa sababu linavunja wazo ambalo sote tunalo kuhusu ubora. Tunauliza mtutu upi ni bora na risasi ipi ni bora, tukidhani ubora ni kitu kilichomo ndani ya kitu, kama uzito. Chumba cha Birmingham kinasema vingine. Ubora huu haukai kwenye mtutu wala kwenye risasi. Uko kwenye makubaliano yao, na makubaliano hayaonekani mpaka viwili vikutanishwe. Basi kuchagua, kwa maana inayostahili neno hilo, ni kugundua kipi kinapatana na kipi, kazi ambayo hakuna bei iliyobandikwa inayoweza kukufanyia. Anayenunua ghali kuliko wote bila kujaribu amelipa sana, ila hajachagua bado.

Hapo tunafika kwenye kitako, ambako mwili wa mtu unaingia kwenye hesabu. Bunduki za mashindano za Anschütz, kampuni ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1856 na sasa iko Ulm, zina vitako vinavyorefushwa, vinavyopandishwa shavuni, vinavyopindishwa begani, mpaka kiganja kipate pa kujaa. Ukiiona kwa mara ya kwanza huoni uzuri wowote. Ni kwa sababu haikukusudiwa wewe. Imekusudiwa mwili mmoja, wa mtu mmoja, katika mkao mmoja. Wapo wanaosema hii ni anasa ya watu wa nchi tajiri. Mimi nakumbuka manati. Mtoto wa kijijini hakuchukua panda yoyote. Alizunguka mpera mzima akitafuta tawi lililogawanyika sawasawa, akalilinganisha na ngumi yake, akalibandua ganda, akalikausha. Mpira wa tairi la baiskeli aliukata, akauvuta, akaukata tena mpaka urefu wake ulingane na mkono wake. Kipande cha ngozi kilitoka kwenye kiatu kilichochakaa. Kisha akapanga makopo ukutani. Manati ya kaka yake ilikuwepo, nzuri tu, lakini haikumfaa, na angekueleza kwa nini. Hakuwa na senti moja, na bado alikuwa amefanya yote anayoyafanya yule wa Marekani mwenye 10/22.

Kwa hiyo hamu hii ya kukirekebisha kitu mpaka kilingane nawe haikuanzia dukani. Duka liliikuta. Ningeiita umiliki wa mwili, ili kuitofautisha na umiliki wa risiti. Umiliki wa risiti unaanza ghafla, dakika ile fedha inapokabidhiwa, na unaweza kuhamishwa ghafla vilevile. Umiliki wa mwili unakuja polepole, kadiri kitu kinavyochukua vipimo vyako na wewe unavyochukua mazoea yake. Nao una gharama ambayo wengi hawaioni mapema: kitu kilichokukaa sawasawa hakimkai mwingine. Kadiri kinavyozidi kuwa chako ndivyo kinavyopungua kuwa cha yeyote baada yako.

Marekani na Ulaya, .22 mara nyingi ndiyo bunduki ya kwanza ambayo mzazi humwekea mtoto mkononi, na si ajabu ikawa ndiyo aliyofundishiwa mzazi mwenyewe. Ile nyepesi ya Browning iliyoanza kutengenezwa mwaka 1914 bado inapatikana kwenye makabati ya familia, mbao zimeng'aa kwa kushikwa, chuma kimepoteza weusi wake pale viganja vinapopita. Hakuna aliyebadilisha kitu. Kitako ni kirefu kwa mtoto na kifupi kwa baba, na kila kizazi kimejipinda kidogo ili kukifuata. Hapa mtu ndiye amerekebishwa na bunduki imeachwa. Ukiniuliza kati ya bunduki hii na ile iliyobadilishwa kila kipande ipi ina mwenyewe zaidi, nitasita. Ya kwanza ina wenyewe wengi na hakuna aliyeimaliza. Ya pili ina mmoja, na akifa watoto wake wataiuza vipande vipande, kwa sababu ndivyo ilivyoingia nyumbani.

Kisa kimoja cha kweli kinaupima mjadala huu wote. Mmarekani Matt Emmons, mlenga shabaha wa .22, alikuwa akijiandaa kwa Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004 alipogundua kwamba mtu ameiharibu bunduki yake kwa makusudi. Kwa mshindani wa ngazi hiyo ni msiba: vipimo vya miaka, mtutu uliojaribiwa, kila skrubu mahali pake. Aliazima ya mwenzake wa timu ya zamani ya chuoni. Kwa bunduki hiyo ya kuazima alishinda dhahabu ya kulala kifudifudi, mita 50, ambako duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4.

Mtu angesema basi vipimo vyote vile ni ushirikina. Sidhani. Inaelekea kilichokuwa kimerekebishwa kwa miaka hiyo ni Emmons mwenyewe, na bunduki aliyoipoteza ilikuwa ndiyo chombo kilichomrekebisha. Ilipoondoka, ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Siku chache baadaye, kwenye shindano la mikao mitatu, alifika risasi ya mwisho akiongoza. Hakuhitaji kumi, saba na ushei zingetosha. Akalenga, akavuta, risasi ikaenda vizuri. Ubao wa matokeo haukuonyesha kitu. Alikuwa amepiga shabaha ya njia ya tatu, ya jirani yake kutoka Austria, na yeye njia yake ilikuwa ya pili. Risasi hiyo ilipata alama 8.1 kwenye karatasi isiyo yake, kwake ikawa sifuri. Alishuka hadi nafasi ya nane na dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa Uchina. Emmons alieleza baadaye kwamba kwa kawaida hutazama kwanza namba iliyo juu ya shabaha, ndipo anashuka; mara hiyo alikuwa amejishughulisha na kutuliza mwili wake, namba hakuitazama. (Jioni hiyo mlenga shabaha wa Jamhuri ya Cheki, Kateřina Kůrková, alikuja kumpa pole. Walioana. Kwa hiyo hata sifuri ina hesabu zake.)

Tulikuwa na uthabiti na usahihi. Kisa hiki kinadai neno la tatu, nami nitaliita makusudio: kujua shabaha ipi ni yako kabla ya kuuliza kama utaipata. Hakuna kipuri cha makusudio. Triga nyepesi haiyaongezi, darubini kali inaweza hata kuyapunguza, maana kadiri inavyokuza kile kilicho mbele yako ndivyo inavyokuficha vilivyo pembeni. Emmons hakukosa kwa uzembe. Alikosa kwa sababu umakini wake wote ulikuwa umeingia ndani, kwenye yale ambayo mchezo huu unayasifu kuliko yote.

Cicero wa Roma ya kale, alipokuwa akieleza fikra za wanafalsafa waitwao Wastoa katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alitumia mfano wa mlenga shabaha. Kwa Wastoa lengo la kweli la mlengaji ni kufanya kila kilicho ndani ya uwezo wake ili alenge vyema. Kupata ni jambo la kuchaguliwa, si la kutamaniwa, kwa kuwa upepo na bahati vina neno lao. Ni faraja nzuri kwa aliyepiga vyema na upepo ukamnyima. Kwa Athens haitoshi. Namba juu ya shabaha ilikuwa ndani ya uwezo wake. Fikra ile inamtaka mtu atofautishe kilicho chake na kisicho chake, na inachukulia kwamba walau karatasi yake anaijua.

Sasa turudi kwenye ule uso uliokunjwa. Udogo wa risasi hii unadanganya. Haina mshindo mkubwa, haisukumi bega, mtoto anaimudu. Ila ikikosa karatasi ikapaa, inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kabla haijatua. Usiku wa kuingia tarehe 5 Juni 1968, katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles, seneta Robert Kennedy alipigwa kwa bastola ya .22 na akafariki siku iliyofuata. Machi 1981 ilikuwa risasi ya kipenyo hicho hicho iliyomwingia Rais Ronald Reagan kifuani, na nyingine ikamwacha msemaji wake, James Brady, na ulemavu wa maisha. Viwanda havitengenezi risasi za karatasi kando na risasi za watu.

Kabla ya mwaka huo wa 1968 bunduki nyingi za .22 ziliuzwa Marekani bila namba yoyote. Zilihesabiwa kuwa vitu vya vijana na makopo. Oktoba mwaka huohuo Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyodai kila bunduki mpya iwe na namba yake, na kifo cha Kennedy pamoja na cha Martin Luther King miezi miwili kabla yake ndivyo vilivyoisukuma. Tulisema kwamba kwa macho ya sheria 10/22 ni kile kisanduku chenye namba. Tulipokitaja kilikuwa fumbo la utambulisho. Tazama sasa kimekuwa nini: kati ya vipande vyote, kile ambacho mtu haruhusiwi kukifanya kiwe chake tu ni kile kinachomkumbusha kwamba chombo hiki kinaua.

Je, burudani hii inahitaji mauti karibu yake namna hiyo? Mchezo wa pentathloni ya kisasa uliacha risasi ukahamia leza, na kwenye Olimpiki ya London ya mwaka 2012 ulichezwa kwa leza. Pumzi ni ile ile, kidole ni kile kile, papara ni ile ile. Anayetaka shahidi dhidi ya nafsi yake anaweza kumpata hapo bila kumtisha jirani. Wapenzi wa baruti watasema kuna kinachokosekana, na nadhani wanasema kweli: risasi haiitwi ikarudi. Kwenye leza kosa ni alama iliyopotea. Kwenye risasi kosa lina mahali linapokwenda kuishia, na anayejua hilo huvuta triga kwa moyo mwingine. Lakini kutorudika kwa mambo tunako kwingi maishani, tena bila leseni. Kwa hiyo simwamini sana anayeniambia kwamba bila bunduki asingejifunza utulivu. Namwamini zaidi anayekiri tu kwamba anaipenda, na kwamba kwa kuwa anaipenda amekubali masharti yote yanayokuja nayo.

Kwako wewe unayeufikiria mchezo huu, uwe Nairobi, Arusha au ughaibuni: anzia kwenye uwanja na klabu vinavyotambuliwa na sheria ya nchi uliyopo, na uazime kabla hujanunua. Ukishanunua, ipige kama ilivyotoka dukani mpaka uweze kulitaja kosa lako mwenyewe. Kipuri kinachonunuliwa kabla ya hapo ni cha kubahatisha. Na fedha ya kwanza baada ya leseni isiende kwenye darubini. Nunua sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo usiuache mahali ambapo mtoto anaufikia.